Sauti ya Jitu la Chumvi

Kazi ya Baba Swali ilikuwa kunguruma. Kunguruma, kukoroma, kucheka vicheko vya kichawi, na siku ambazo kazi ni nyepesi, kubweka. Filamu zilikuja kutoka ng'ambo zikisema lugha za huko, na yeye na wenzake saba wakazitia Kiswahili ndani ya chumba kisicho na dirisha, kilichobandikwa magodoro ukutani mpaka darini. Wako waliopewa mabinti wa mfalme na vijana wa kupendwa. Yeye, kwa sababu ya koo alilojaliwa, alipewa mazimwi. Na ungemwona usingeamini: mwembamba, mpole, shati limechomekwa, mtu wa kusogea pembeni ili wengine wapite. Akiingia dukani na kuomba sabuni, watu waligeuka kumtafuta anayesema.

Mwanawe alikuwa na miaka mitano na miezi tisa. Jina la kwenye cheti alikuwa nalo, lakini tangu alipojua kuunganisha maneno mawili hakuwahi kuyaunganisha bila kuuliza. Baba yake akamwita Swali kwa utani, majirani wakalidaka, na mwisho wake wazazi wenyewe wakawa Baba Swali na Mama Swali hata kwenye daftari la mahudhurio la chekechea.

Jumatatu moja Baba Swali alirudi nyumbani na kadi ya mwaliko yenye picha. Studio ilikuwa imemaliza filamu ya *Jitu la Mlima wa Chumvi*, na kabla haijapelekwa kwenye majumba ya sinema, wafanyakazi waliruhusiwa kuleta familia zao waitazame, Jumamosi saa nne asubuhi. Kadi aliificha ndani ya mkoba, katikati ya magazeti. Lakini kumficha Swali kitu ni kujisumbua bure. Kabla baba hajavua kiatu cha pili, kadi ilikuwa mkononi mwa mtoto, imesogezwa karibu kabisa na miwani.

"Baba, hili nini?"

"Jitu."

"La wapi?"

"La mlimani."

"Linasema?"

"Linasema."

"Nani analisemea?"

Mtu mwenye akili zake angesema hajui. Baba Swali akasema, "Mimi," tena kwa majivuno kidogo, na hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Kufikia saa sita za kesho yake darasa zima lilikuwa na habari kwamba baba yake Swali ni jitu. Alipokwenda kumchukua, watoto wawili walimkimbilia wakitaka awangurumie, na wa tatu alijificha nyuma ya sketi ya mwalimu.

"Ile filamu haitamfaa," alimwambia mkewe siku hiyo walipofika nyumbani.

Mama Swali alikuwa fundi miwani. Dukani alipima macho na kukata lenzi, na kazi za haraka alizileta nyumbani akazimalizia kwenye meza ya kulia, kwa bisibisi isiyozidi kijiti cha meno. Hakuinua kichwa.

"Umeiona?"

"Nimeicheza, mama!"

"Sijauliza kama umeicheza. Nimeuliza kama umeiona."

Hapo bwana mkubwa akapwaya. Maana utaratibu wa kazi yao ulikuwa hivi: kila mtu aliingia chumbani peke yake, akaonyeshwa vipande vyake tu, tena bila mpangilio, leo vya mwisho, kesho vya mwanzo, ili mashine isikae bure. Mwenye maneno kumi aliona vipande kumi, akaondoka. Baba Swali alikuwa na mwaka wa tisa katika kazi ile. Alishakufa zaidi ya mara mia, kwa upanga, kwa moto na kwa kuporomoka majabalini, lakini filamu alizozitazama mwanzo hadi mwisho zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Vya hili jitu aliona vipande thelathini na vinne, na katika vyote jitu lilikuwa linafoka. Kwa hesabu yake, basi, filamu nzima ilikuwa kufoka tu.

"Bodi ya filamu wameandika kuanzia miaka sita," alijitetea. "Huyu ana mitano."

"Na miezi tisa," sauti ikatoka chini ya meza.

Mama Swali aliuma midomo asicheke. "Nenda kaitazame kwanza," akasema. "Ukirudi tutaongea."

Kilichomtia hofu Baba Swali, tuseme kweli, hakikuwa ile miezi mitatu iliyopungua. Swali aliishi miaka mitatu ya mwanzo bila kuona sawasawa, na hakuna aliyejua. Vitu vya mbele ya pua aliviona, na vilivyozidi hapo vilikuwa rangi zinazotembea. Hakulalamika, angelalamikaje, naye alidhani dunia ndivyo ilivyo? Watu aliwajua kwa sauti. Baba yake akisimama upande wa pili wa sebule akasema "njoo", mtoto alinyoosha mikono akaja moja kwa moja mpaka kifuani, na wazazi wakachekelea jinsi mtoto anavyompenda baba. Aliyegundua ni mwalimu wa chekechea, siku alipomkuta amesimama kwa adabu anasalimia koti lililotundikwa msumarini.

Sasa alivaa lenzi nene na aliona mpaka sisimizi ukutani. Lakini bado sikio ndilo alilolitegemea. Akishtuka usingizini hakutaka taa wala hakutaka kubebwa, alisema tu, "Baba, sema kitu." Baba akasema lolote lililomjia, hata orodha ya vitu vya kununua sokoni, na mtoto akalala tena. Na ni sauti hiyohiyo, hakuwa na nyingine, ambayo Jumamosi ingetoka kwenye kinywa cha jitu na kutikisa viti vya ukumbi. Mtoto akija kuiogopa, atamtuliza kwa ipi? Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, alimwomba fundi mitambo amwekee filamu nzima. Bibi Katoto naye akavuta kiti. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mnene, mwenye wajukuu tisa na magoti mabovu, naye ndiye aliyekuwa sauti ya kila mtoto wa kike aliyepita katika studio ile. Safari hii alikuwa binti wa miaka saba anayepanda mlima kumtafuta kaka yake.

"Shikamoo, Bibi," alisema Baba Swali.

"Marahaba, jitu langu. Leo umekuja kama nani?"

"Kama mzazi."

Akatoa karatasi, akaikunja katikati, upande mmoja akaandika *Inafaa*, upande wa pili *Haifai*, na filamu ikaanza. Kumbe ilikuwa nzuri. Kulikuwa na kijiji, na jitu la chumvi lililoshuka kuchukua kila mtoto aliyecheka kwa nguvu, hadi watu wakawafundisha watoto wao kucheka kwa kuziba mdomo. Kulikuwa na panya mwoga mwenye maneno mengi, aliyetumbukia kwenye sufuria ya uji. Kulikuwa na maua yanayogombana. Katika saa nzima na nusu, jitu lenyewe halikuonekana zaidi ya dakika kumi na moja, na mwisho wake mvua ilinyesha, likayeyuka, watoto wakateremka mlimani wakicheka midomo wazi. Baba Swali alicheka mpaka fundi mitambo akamtazama. Bibi Katoto alilia kwa kusikia sauti yake mwenyewe, kisha akajipangusa akasema ni vumbi.

Baba Swali akasoma karatasi yake kwa sauti. "Damu hakuna. Kifo kimoja, cha kuyeyuka. Giza kidogo. Panya anatukana mara moja, lakini kwa adabu. Bibi, hii inafaa!"

"Inafaa kwa wajukuu zangu," alisema Bibi Katoto. "Wako wewe husikia kwanza ndipo aone. Ile sauti ya pangoni umeiandika upande gani?"

"Ipi?"

"Usijitie hujui."

Alijua. Kilikuwa kipande cha jitu na bundi wake wa zamu. Mtoto ametoroka, bundi amelala, na jitu linamwambia, "Wewe mwenye macho kuliko wote, na hukuona!" Siku ya kukirekodi Baba Swali alisema vizuri mara sita, na mara zote sita mwongozaji alitikisa kichwa nyuma ya kioo. Hilo jitu linacheza ujitu, alisema. Mfikirie mtu unayempenda, halafu mfokee huyo. Mara ya saba Baba Swali alifumba macho, na kilichotoka kiliwafanya waliokuwa nje wabaki na vikombe vya chai mkononi bila kunywa. Kisha walimpigia makofi. Yeye alinunua dawa ya koo, akarudi nyumbani, wala hakujiuliza ile sauti ameitoa wapi.

"Sikiliza," alisema Bibi Katoto. "Mchezeshee kipande hicho bila picha. Mchana kweupe, nyumbani kwenu, mama yake akiwepo, wewe umempakata. Akiogopa unazima, unaongea naye, yameisha. Asipoogopa, mlete Jumamosi. Mbona kazi ndogo tu."

Fundi mitambo akamtilia kipande kile kwenye simu.

Alhamisi mchana kulikuwa na jua la kutosha sebuleni. Mama Swali alikuwa mezani na fremu iliyokatika mkono. Baba Swali akampakata mtoto, akamweleza kwamba atasikia jitu linasema, kwamba ni mchezo, kwamba akitaka lizimwe aseme tu zima. Swali akainamisha kichwa upande, kama alivyofanya tangu enzi za kutoona, na baba akabonyeza.

Hakulia wala hakushtuka. Baba Swali alikuwa ameanza kutabasamu.

"Rudia," alisema Swali.

Akarudia.

"Hii naijua," mtoto akasema.

"Unaijua, si ni ya baba?"

"Siyo ile ya baba ya siku zote. Hii ni ile ya macho yangu."

"Ya macho yako? Ipi hiyo, mwanangu?"

"Ya jikoni, mkifunga mlango. Unamwambia mama anapima macho ya watu wote na mimi hakuniona." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mgeni choo kiko wapi. "Halafu mama anafungua bomba ili asisikike analia. Halafu mnatoka mnaniuliza kama nataka maziwa."

Bisibisi ya Mama Swali ilisimama. Swali akateremka magotini kwa baba yake, akaenda dirishani kwenye vikasha vyake vya miwani, vikasha vitupu alivyopewa na mama, ambavyo kwake vilikuwa nyumba na magari. Kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Baba Swali alizima simu. Aliinuka akaenda jikoni, mkewe akamfuata, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitasa.

"Acha mlango wazi," alisema Mama Swali.

Akauacha. Wakasimama, yeye karibu na jiko, mama karibu na lile bomba.

"Nilidhani amelala," akasema Baba Swali. "Zile mara mbili zote nilidhani amelala."

"Mara nne."

"Nne?"

"Siku mwalimu alipotuita. Siku alipoanguka kwenye ngazi. Alipovunja miwani ya kwanza. Na juzi hapa, miezi mitatu iliyopita, nilipompima nikakuta lenzi inabidi iongezwe. Wewe ukisema unasahau, mimi nimezihesabu."

Miezi mitatu. Wiki ileile walikuwa wanarekodi pango. Sasa Baba Swali alijua ile sauti aliitoa wapi. Aliitoa hapa, kando ya jiko hili, akaibeba hadi kazini, na watu wakampigia makofi.

"Hatumpeleki," alisema. "Basi. Nitawaambia anaumwa."

"Mbona jana ulikuja na karatasi imejaa *Inafaa*?"

"Jana sikujua. Mke wangu, unataka akaisikie tena mbele za watu, tena kwa spika?"

"Nataka nijue kitu kimoja. Unamkinga yeye, au unajisitiri wewe?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na sauti za kutosha za kudanganyia. "Vyote viwili," akasema, "na sijui kipi ni kikubwa."

Mama Swali akaitikia kwa kichwa, maana jibu hilo angalau halikuwa la kumpaka mafuta. "Lile neno lako," alisema polepole, "mimi silihitaji kutoka kwako. Ninalo tangu siku ile. Kila mtoto wa mtu anayekaa kwenye kiti changu, nikimwambia soma mstari wa tatu, najiambia mwenyewe lilelile. Miaka mitatu alikuwa akinyonya kifuani mwangu ananitazama, na nilidhani ananiona. Wewe ukilisema unaliongezea kelele tu."

Baba Swali alifungua mdomo amwombe msamaha. Mkewe akainua mkono.

"Mimi baadaye. Anza na yule."

Akaenda sebuleni, akaketi sakafuni miongoni mwa vikasha. Mtu huyu alikuwa amewahi kuwa simba, shetani wa kisimani, mfalme kichaa na meli inayozama. Sasa alitafuta sauti ya kumwambia mtoto wa miaka mitano neno la kweli. Alipoanza, iliyotoka ilikuwa nyembamba, na mwishoni ilikwaruza.

"Swali. Ile sauti ni yangu, siyo ya jitu. Niliitoa nyumbani nikaipeleka kazini."

"Kwa nini?"

"Walitaka yenye hasira, na mimi nilikuwa nayo."

"Hasira ya macho yangu?"

"Hapana." Akainama mpaka usawa wa miwani ya mtoto. "Macho yako hayana kosa lolote. Mama naye hana kosa. Mimi niliogopa, na nilipoogopa nikapiga kelele, nikamtupia mama lawama. Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

Swali aliegesha kikasha kimoja nyuma ya kingine, taratibu, visigongane. Alikuwa anafikiri, na alipofikiri alipumua kwa mdomo.

"Jitu kwenye filamu linaomba msamaha?"

"Haliombi."

"Linafanya nini?"

"Mvua inanyesha, linayeyuka."

"Lote?"

"Lote."

"Basi halikupata nafasi," alisema Swali, na alionekana kulisikitikia. Kisha akamtazama baba yake juu ya miwani. "Umeshamwomba mama?"

"Bado."

"Yuko jikoni," alimwelekeza, kana kwamba mtu anaweza kupotea katika nyumba ya vyumba viwili.

Akaenda. Aliyoyasema huko si ya kuandikwa yote. Alisema kidogo na kwa shida, mkewe naye alisema mengi, yakiwemo mawili matatu aliyokuwa ameyaweka moyoni tangu kabla mtoto hajazaliwa. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na bomba halikufunguliwa.

Ijumaa asubuhi, wakati wa chai, walimuuliza Swali mwenyewe. Walimweleza yote: kwamba jitu lipo, kwamba pangoni litasema kwa sauti ile, tena kubwa kuliko ya simu, kwamba wanaweza kwenda, wanaweza kubaki, na wanaweza kutoka katikati.

"Panya anakufa?" aliuliza Swali.

"Hafi. Anatumbukia kwenye uji."

"Wa moto?"

"Wa vuguvugu," akasema Baba Swali, ingawa hilo hakulifanyia uchunguzi.

"Basi twende."

Mama Swali akasema naye Jumamosi atachelewa kufungua duka ili aje. Baba Swali alitoka nyumbani siku ile mwepesi, anapiga mluzi. Alikuwa amejiona ametua mzigo. Ameungama, amesamehewa, mtoto ameamua mwenyewe, na filamu inafaa, kwa kila upande wa karatasi. Kazini alimsimulia Bibi Katoto kwa kirefu, na nadhani alijisifu kidogo. Bibi Katoto alimsikiliza, akamwambia, "Vizuri, baba," akaendelea kumenya chungwa lake.

Jumamosi ukumbi ulijaa watoto. Walikaa safu ya nne, Swali katikati, mama kulia, baba kushoto. Mwongozaji alisimama mbele akasema maneno mawili ya kukaribisha, mapazia yakafungwa, taa zikazimwa, na giza likawa giza kwelikweli ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Panya alipotumbukia kwenye uji Swali alicheka mpaka akapaliwa. Aliuliza maswali sita katika robo saa ya kwanza na akanyamazishwa na mama mmoja wa safu ya tatu. Maua yalipogombana alichagua upande. Baba Swali alikuwa anakula raha. Aliona watoto wa wenzake wanapiga makofi, akamwona mwanawe anaruka kitini, akajiambia kwamba hofu yote ile ilikuwa ya bure.

Kisha likaja pango. Alilijua kabla halijafika. Muziki ulikatika, bundi akaonekana amelala juu ya jiwe, na kivuli kikamfunika. Bila kujua, Baba Swali alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Wewe mwenye macho kuliko wote," ilisema sauti yake kutoka kila pembe ya ukumbi, "na hukuona!"

Watoto wakapiga kelele. Wa mbele walijitupa kwenye mapaja ya wazazi wao, mmoja alimwaga juisi, wengine walijiziba nyuso kwa vidole huku wakichungulia katikati. Ilikuwa hofu ya kupendeza, ile ambayo watu hununua tiketi kuitafuta. Baba Swali hakutazama skrini. Alimgeukia mwanawe, tayari kumbeba na kutoka naye.

Swali hakuwa amejiziba uso. Hakuwa anatazama jitu hata kidogo. Alikuwa amempa skrini mgongo na kumwelekea mama yake. Gizani mle miwani haikumsaidia, basi alikuwa ameinua mkono na anampapasa mama usoni, kwa kiganja, chini ya jicho, kushuka shavuni mpaka kidevuni. Akamaliza upande mmoja, akahamia wa pili. Alifanya bila papara, kwa mkono uliozoea. Mama Swali alimwacha apapase.

Alipomaliza akageuka, akamvuta baba yake shati mpaka sikio lake likafika chini.

"Hajalia," alimnong'oneza, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari njema.

Kisha akajiweka sawa kitini akaendelea kutazama filamu. Baba Swali naye alitazama, kwa sababu hakujua pengine pa kuweka uso wake. Kipande cha pango kilikuwa na urefu wa dakika moja na nusu, na ilimbidi akae pale ajisikilize mpaka kiishe.